Mwalimu Tarehe na Kifuniko Kisichokuwa Chake

Marehemu baba yetu, ambaye jina lake kamili mmelisoma kwenye jalada la ratiba hii, na ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Tarehe, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama muuza mboga. Alizaliwa saa nne asubuhi katika chumba kilichopakana na karakana ya babu. Bibi alikuwa akisema kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia mtoto huyo haikuwa ya mkunga, ilikuwa ya randa.

Karakana ile haikuwa na mlango. Seremala mwingine akitaka kujua babu anaungaje miguu ya kiti, aliingia, akapima kwa uzi, akaondoka zake, wakati mwingine bila hata kuaga. Babu hakuona ubaya. Kauli yake ilikuwa moja: "Ufundi haufichwi. Ukiufunika unavunda." Baba alikua akiliamini neno hilo kama mtu anavyoamini kwamba maji hulowesha. Ninalitaja mapema kwa sababu lilikuja kumgharimu, na halikumgharimu yeye peke yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ualimu wa ufundi, akasomea mbao na chuma. Katika mtihani wa mwisho walitakiwa kuunda sanduku bila kutumia msumari hata mmoja. La baba liliungwa vizuri kiasi kwamba wasahihishaji watatu walishindwa kulifungua, ikabidi walivunje kwa patasi ili wakague ndani. Alipewa alama za kupita tu, pamoja na maoni yaliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Kazi nzuri kupita kiasi." Cheti chake ni cha tarehe 2 Desemba 1972. Maoni yale aliyapenda kuliko cheti.

Januari 1973 aliajiriwa kufundisha ufundi katika shule ya sekondari ya mjini kwetu, na huko ndiko alikoonana na mama. Mama alikuwa opereta wa simu pale posta. Kila Jumamosi kijana mmoja mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi alikuja kuomba aunganishiwe simu, akaingia kwenye kibanda, akasubiri, akatoka akisema hawapokei. Jumamosi ya tano mama aliitazama ile namba vizuri. Ilikuwa ya ofisi ya chuo alichosoma kijana huyo, na ofisi hiyo haikufunguliwa Jumamosi. Alimuuliza kama anajua hilo. Baba alijibu kwamba anajua, na kwamba simu aliyokuwa akiisubiri haikuwa ile. Walifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu: mimi ninayesoma, mdogo wangu wa kiume, na mdogo wetu wa mwisho wa kike.

Mwaka 1981 baba alianzisha chama cha wabunifu pale shuleni, akiwa na wanafunzi saba, jiliwa nne za kubania mbao, na ukuta uliochorwa vivuli vya vyombo vyote, ili jioni kila chombo kirudi kwenye kivuli chake. Watoto walitengeneza mambo ya kila namna. Kulikuwa na mtego wa panya uliowakamata walimu wawili kabla ya kukamata panya. Kulikuwa na kengele ya kuzuia maziwa yasifurike, nayo ililia vizuri sana, tatizo ni kwamba ililia baada ya kufurika. Baba aliyapenda yote. Na kila yalipotokea mashindano ya ubunifu ya wanafunzi, aliwapeleka, akiwa amevaa tai yake moja ya kahawia.

Hapa naomba nieleze jambo ambalo baba mdogo na baadhi ya wazee wameona halifai kusemwa kaburini. Tumelijadili nyumbani kwa siku tatu. Linasemwa kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza, na mtaona alivyoagiza.

Mwaka 1985 aliingia katika chama hicho msichana wa miaka kumi na mitano. Alikuwa akilelewa na bibi yake, na bibi huyo macho yalikuwa yameanza kuzima. Bibi huyo alikuwa akinywa dawa ya maji kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Siku moja alikosea kipimo, akalala tangu asubuhi hadi jioni, na mjukuu akakaa kando ya kitanda akisikiliza kama anapumua. Kesho yake msichana alikuja karakana na chupa tupu ya dawa, akamwambia mwalimu wake kwamba anataka kifuniko kinachojua kuhesabu.

Alihangaika nacho miezi minane. Alitumia kikopo cha filamu ya picha, kifuniko cha wino, na gololi ya baiskeli. Cha kumi na tisa ndicho kilichokubali. Ukiinamisha chupa, dawa iliingia kwenye kijumba kidogo ndani ya kifuniko. Kilipojaa kijiko kimoja kamili, gololi ilishuka ikaziba njia, na ukasikia mlio mdogo: ta. Hapo unafungua kidirisha cha juu, unakunywa. Hukuhitaji macho. Bibi yake alikijaribu mara thelathini, na mara zote thelathini kipimo kilikuwa sawa. Wenzake wakampa jina la Kijiko, nami nitamwita hivyo, maana yeye mwenyewe ameridhia jina hilo litumike hapa na si lile la cheti.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, tarehe 19 Julai 1986. Fomu ya kushiriki ilifika shuleni siku ya mwisho, saa tano asubuhi, nayo ilitakiwa irudishwe kabla ya saa saba. Ilikuwa na kurasa nne za maandishi madogo, na mahali pa saini ya mzazi au mlezi. Bibi wa Kijiko asingeweza kuisoma. Baba aliisoma ukurasa wa kwanza, akaona inahusu nauli na chakula cha mchana, akasaini yeye mahali pa mlezi, akampa mjumbe.

Pale ukumbini kulikuwa na meza zilizofunikwa vitambaa vyeupe, kila moja na namba. Waamuzi walikuwa watano. Wanne walipita wakiuliza majina ya shule na kusonga mbele. Wa tano, bwana wa makamo mwenye suti ya kijivu, meneja wa kiwanda kimoja cha plastiki, alisimama mbele ya meza ya Kijiko kwa muda mrefu. Aliuliza gololi ina uzito gani. Aliuliza dawa nzito ikiganda inakuwaje. Aliondoka, akarudi tena, safari hii na daftari. Baba alifurahi hadi machozi. Alimnong'oneza mwalimu mwenzake kwamba huyo ndiye mwamuzi, wengine ni watalii.

Bwana yule akaomba mchoro. Kijiko alikuwa na michoro miwili: wa nje, uliobandikwa kwenye ubao, na wa ndani, alioukunja na kuuweka kwenye mfuko wa sketi. Alimgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, nimpe na wa ndani?"

"Mpe," baba akasema. "Mwizi wa mawazo hajazaliwa."

Maneno hayo ninayo kutoka kwake mwenyewe. Hakuwahi kuyasimulia kwa namna iliyompendeza yeye. Kila mara aliyasimulia yalivyokuwa.

Kijiko alipata nafasi ya pili: cheti, saa ya ukutani na begi la shule. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa sanduku lenye taa saba za rangi, ambalo hadi leo hakuna anayejua lilikuwa la kazi gani. Baba alirudi nyumbani akiimba.

Desemba 1988 mdogo wetu wa mwisho, akiwa na miaka minne, alishikwa na kikohozi. Baba alinichukua twende duka la dawa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Muuza dawa alitupa chupa, akasema kwa furaha kwamba kifuniko hicho ni kipya, kimeanza kuja mwezi wa saba, hata asiyeona anajipimia mwenyewe. Baba aliiinamisha chupa pale pale juu ya kaunta. Tukasikia: ta.

Aliinamisha tena. Kisha akatoa kisu chake cha mfukoni, akakipasua kile kifuniko, dawa ikamwagika juu ya kioo, na gololi ikabingirika hadi kwenye mizani. Muuza dawa alimuuliza kama anajisikia vibaya, kama anataka kiti. Baba alisema, "Hii ni kazi ya mtoto wangu." Muuza dawa akanitazama mimi, akanishika mkono, akanipongeza.  Nilisema ahsante.

Baba alikwenda kwenye kile kiwanda cha plastiki mara tatu. Mara mbili aliishia getini. Mara ya tatu alipokelewa na mwanasheria, kijana mpole, aliyemwagizia chai na kumtolea faili. Ndani yake kulikuwa na ile fomu. Kijana aliifungua ukurasa wa tatu, kifungu cha tisa: kwamba kila kitakachoonyeshwa ukumbini kitahesabiwa kuwa kimetolewa kwa umma, na kwamba waandaaji na wafadhili wanaweza kukitumia bila kumrejea mshiriki. Kiwanda kilikuwa miongoni mwa wafadhili. Chini yake kulikuwa na mwandiko wa baba, na ule mkia wa saini yake unaopinda kama ndoana.

"Mwalimu, sisi hatukuiba," yule kijana alimwambia. "Ulitupa."

Neno hilo moja lina milango miwili. Ulitupa, yaani ulitupatia sisi. Ulitupa, yaani ulikibwaga kama takataka. Baba alituambia hakumuuliza anakusudia lipi, kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli.

Alikwenda pia katika ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Karani wa huko, mtu mzima mwenye subira, alimweleza kwamba mtu akitaka hataza, yaani hati inayosema wazo hili ni la fulani na asiguse mwingine, sharti apeleke maombi kabla hajalionyesha hadharani. Kwa sheria ya wakati ule, kilichokwisha kuanikwa hakiwezi tena kufungiwa. Karani alimuuliza kama alimwonya mtoto mapema. Baba alisema hakuonya, alihimiza.

Angeweza kunyamaza. Mama alimwambia ukweli kwamba watu wengi wangenyamaza. Jumatano, tarehe 11 Januari 1989, alimfuata Kijiko kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa akifanya kazi ya kukunja karatasi tangu alipomaliza kidato cha nne. Alimkuta saa ya chakula, amekaa juu ya marobota ya magazeti ya zamani. Alimweleza yote tangu duka la dawa. Kijiko alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nilikiona mwezi wa nane," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyewauzia, Mwalimu."

Baba alimwambia hakuuza. Akatoa nakala ya fomu, akamwonyesha kifungu cha tisa. Kijiko aliisoma yote, kurasa zote nne, polepole, jambo ambalo baba hakulifanya. Alipofika mwisho akaweka kidole.

"Hii saini ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi tofauti iko wapi?"

Kengele ya kazi ikalia, akainuka, akarudi ndani.

Mjini maneno hayana miguu lakini hutembea. Mwaka huo huo mama alikuwa ameezeka nyumba upya kwa mkopo wa chama cha wafanyakazi wa posta, na haukupita mwezi watu wakayaita mabati yetu mabati ya kifuniko. Nilisikia shuleni. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mezani, mbele ya wote: baba, uliuza? Mama alinikanya. Baba alimzuia.

"Sikuuza, mwanangu," alisema. "Anayeuza angalau anajua anauza nini."

Alikifunga chama cha wabunifu. Kwa miaka miwili karakana ilikuwa ya masomo tu, kengele ikilia anafunga kufuli. Alipungua mwili. Alikuwa akikaa uani mchana wa Jumamosi akinoa patasi ambayo tayari ilikuwa na makali, hadi ikabaki nusu. Hatimaye mama alimwambia maneno ambayo nadhani yalimtoa shimoni, ingawa hayakuwa matamu. Alimuuliza amefunga karakana ili nani apone. Kwamba wale watoto wengine bado wanabuni huko majumbani, na sasa hawana hata mwalimu mmoja aliyekwisha kuumwa na nyoka huyo.

Chama kilifunguliwa tena tarehe 4 Februari 1991, na ndipo alipozaliwa Mwalimu Tarehe. Kila mwanafunzi alipewa daftari lenye kurasa zilizopigwa namba kwa mkono. Ukiwaza jambo, uliliandika siku hiyo hiyo, ukaweka tarehe, na watu wawili wasio ndugu zako wakasaini chini. Ukurasa haukuchanwa. Kosa halikufutwa, lilipigwa mstari mmoja ili lisomeke. Kifaa kilionyeshwa kinafanya nini, hakikuonyeshwa kinafanyaje, hadi hati ya kupokelewa maombi iwe mkononi. Na hakuna fomu iliyosainiwa kabla ya kusomwa kwa sauti, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, mbele ya mtoto na mzazi wake, kwa lugha wanayoielewa. Wazazi walilalamika kwamba wanapitwa na jua. Aliwaambia jua litarudi kesho.

Tarehe zilimwingia mwilini. Aliandika tarehe kwenye mikate. Alipomwandikia mama orodha ya sokoni aliweka tarehe, na mama, kumkomesha, akaipeleka kwa mashahidi wawili waisaini.

Lakini si yote yalikuwa ya kuchekesha. Kila penye mashindano alikwenda kusimama nje ya ukumbi, akigawa karatasi moja kwa wanafunzi: Usitoe mchoro wa ndani. Soma hadi mwisho. Uliza wafadhili ni akina nani. Waandaaji hawakumpenda. Walisema anaharibu jina la shindano na kuwatisha wafadhili. Jumamosi, tarehe 20 Julai 1996, walinzi walimtoa nje ya geti kwa kumshika mabega, mbele ya watoto, karatasi zake zikaokotwa na kutupwa. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mdogo wangu alikuwa golikipa katika fainali ya shule yake. Baba alikuwa ameahidi kwenda. Mdogo wangu aliokoa penalti mbili, na kila mara aligeuka kutazama kule walikokaa wazazi, akamwona mama peke yake. Aliporudi nyumbani alisema baba yetu ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo hatuishi naye.  Baba alilistahili neno hilo, nadhani alijua. Wawili hao walikaa miaka mingi wakizungumza habari za mvua tu.

Januari 1997 alihamishiwa shule isiyo na karakana. Alipewa stoo chini ya ngazi, akafundishia humo ubunifu, watoto sita kwa zamu, kwa sababu wa saba hakuenea. Tangu mwaka 1989, kila tarehe 19 Julai aliandika barua kwa kile kiwanda cha plastiki. Hakudai fedha. Aliomba jambo moja, kwamba kwenye karatasi inayoambatana na kifuniko kile liandikwe jina la aliyekibuni. Aliandika barua ishirini na moja. Alijibiwa mara moja, kwa kutumiwa kalenda ya mwaka 1998 yenye salamu za heri. Mwaka 2009 kiwanda kiliuzwa, na barua ikarudi imegongwa muhuri kwamba mpokeaji amehama.

Mwaka 2003 waandaaji waliibadilisha fomu. Kifungu cha tisa kiliondolewa, na waamuzi wakaanza kusaini kiapo cha kutunza siri. Barua ya kutangaza mabadiliko iliishukuru kamati. Jina la baba halikuwamo. Aliisoma mara mbili akaiweka kwenye faili. Hadi anastaafu, tarehe 14 Machi 2011, wanafunzi wake wanne walikuwa wamepata hati zao. Mmoja wao, fundi wa mizani, ndiye aliyetengeneza jeneza hili, na amekataa kulipwa.

Kwa Kijiko, hakuna kilichorudi. Baba alimtengenezea meza ya kazi ya mbao ngumu, akampelekea mwaka 1993. Ilirudishwa na mchukuzi yule yule, pamoja na ujumbe kwamba nyumba yake ni ndogo. Meza hiyo ndiyo tunayolia chakula hadi leo.

Kuanzia mwaka 2018 baba alishikwa na maradhi ya kutetemeka. Yalianzia kidole gumba cha mkono wa kulia. Mtu aliyeunda sanduku lisilofunguka alishindwa kufunga vifungo vya shati. Saini yake ilipotea kabisa, na benki ikamtaka aweke dole gumba, jambo lililomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mdogo wangu alirudi nyumbani mwaka 2021 kumsaidia mama, na ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumnyoa. Sijui walisemezana nini katika kazi hiyo, ila siku moja niliwakuta wanacheka kuhusu zile penalti.

Tarehe 22 Januari mwaka huu wa 2024, mapafu yake yalijaa, akalazwa. Jumapili ya tarehe 28 alikuja wodini mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani, vidole vina wino. Sasa ana kiwanda chake kidogo cha uchapaji. Nilimtambua kabla hajasema. Nilitaka kutoka, baba akanifanyia ishara nibaki.

Kijiko alivuta kiti akaketi. Kisha baba alimuuliza, kwa sauti ile ndogo iliyokuwa imebaki, kama anamwamini kwamba hakuuza.

"Sijui, Mwalimu," alisema Kijiko. "Siku nyingine naamini. Siku nyingine nakiona dukani, siamini."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Akamuuliza ametengeneza nini baada ya pale. Akajibu kwamba hakutengeneza kitu tena. Alikuwa na mawili mengine kichwani wakati ule, na bado yamo, lakini kila akishika kalamu mkono hukataa. Nilimwona baba akifunga macho. Nadhani hilo ndilo hakuwa amelijua, na ndilo lililokuwa zito kuliko kifuniko.

Kijiko akainama, akaanza kumweleza la kwanza. Baba aliuinua ule mkono unaotetemeka, akamzuia.

"Usiniambie," alisema. "Kaandike."

Hakusema kama ataandika. Alikaa dakika chache zaidi, akamrekebishia blanketi, akaenda. Jioni hiyo baba aliniita karibu. Aliniambia nikisoma wasifu wake nisiandike kwamba alikuwa mwalimu mwema na kuishia hapo, kwa sababu fomu iliyosomwa nusu ndiyo iliyomwangusha. Aliniambia nikitaja kifuniko, nitaje na kifungu cha tisa, na niseme saini ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya kwake. Nimesema.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mama alikuwa amemshika mkono. Anasema mtetemeko uliacha kwanza, akadhani amepata nafuu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wawili, na wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja. Ameacha pia mwanafunzi mmoja ambaye hakumsamehe kabisa, na ambaye amefika hapa leo. Ametuomba asionyeshwe kwa kidole, nasi tunaliheshimu hilo. Sisi watoto hatuna la kumwambia linalotosha. Tunamshukuru kwamba alikuja hospitali, na tunamshukuru kwamba amesimama hapa juani pamoja nasi.

Mungu ampe baba yetu pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.